Motokaa Katika Baridi ya Fairbanks

Kila mtoto wa pwani ajua ya kuwa mafuta ya nazi hugeuka kwa majira. Wakati wa kaskazi, jua likiwa kali, mafuta yaliyomo chupani ni majimaji. Ukiinamisha chupa kidogo tu yamwagika. Wakati wa kipupwe, asubuhi na mapema, waiinamisha chupa ile ile na hakitoki kitu; mafuta yameganda, nayo yamekuwa meupe kama samli. Mama hana haraka. Huiweka chupa juani au kando ya meko, akaendelea na kazi nyingine, na baada ya kitambo mafuta hurudia hali yake. Hayakuharibika, yalipatwa na baridi tu. Na watu wa bara warinao asali wajua vivyo hivyo, ya kuwa asali ya mchana hutiririka upesi, lakini asali ya alfajiri milimani huning'inia kijikoni kana kwamba haitaki kushuka.

Habari tutakayosoma sasa ni ya mafuta pia, ila ni mafuta ya mashini, na nchi yenyewe iko mbali sana na minazi.

Katika Alaska, jimbo la Marekani lililo kaskazini kupita yote, uko mji uitwao Fairbanks. Mji huu ulianza mwaka 1901, kama kituo cha biashara kando ya mto Chena, na mwaka uliofuata dhahabu ilionekana katika vilima vya karibu, watu wakaja kwa wingi. Ukitazama ramani utauona karibu na ule mstari uzungukao ncha ya kaskazini ya dunia, yaani Duara ya Aktiki. Mji uko kama kilometa 200 tu upande wa kusini yake. Katikati ya Desemba jua la Fairbanks huchomoza karibu na saa tano ya mchana, hutambaa kidogo juu ya vilima, na kabla ya saa tisa limekwisha kuchwa. Jua la namna hiyo haliwezi kuitia nchi joto.

Baridi ya huko si baridi ya Njombe wala ya Limuru, ambako watu huona sakitu juu ya majani wakadhani wamepata makubwa. Maji huganda kuwa barafu kipimajoto kinapoonyesha sifuri. Fairbanks mwezi wa Januari baridi hushuka mara nyingi hata digrii 30 chini ya sifuri, na siku zilizo mbaya hupita 40. Mwezi wa Januari mwaka 1934 ilifika digrii 54 chini ya sifuri. Wamarekani wana kipimo chao cha joto, kiitwacho Farenhaiti, na hesabu zake hazilingani na za kipimo chetu cha Selsiasi; lakini kwenye 40 chini ya sifuri vipimo hivi viwili hukutana, hata mtu akitaja baridi hiyo hana haja ya kusema anatumia kipimo kipi.

Tena mji huu umo bondeni. Hewa ya baridi ni nzito kuliko hewa ya joto, kwa hiyo huteremka kutoka vilimani ikatuama bondeni kama maji katika bakuli, na watu wakaao juu ya vilima huenda wakapata nafuu ya digrii 10 au zaidi. Mvuke utokao katika moshi wa motokaa na katika mabomba ya nyumba huganda papo hapo hewani, ukawa ukungu wa barafu, vipande vidogo vidogo mno vielevyo juu ya barabara. Dereva akiwa ndani ya ukungu huo huona taa za gari la mbele kwa shida. Kama gari lake likizima hapo, mbali na nyumba, yumo hatarini. Mtu asiye na mavazi ya kutosha huweza kufa kwa baridi ya namna hiyo, na kabla ya kufa vidole vyake huganda. Ndiyo sababu wenyeji huweka ndani ya gari mablanketi na viatu vya manyoya na chakula, hata wakienda safari fupi. Gari linaloenda, kwao, si fahari, ni uzima.

Sasa tuiangalie kazi ya gia, kwa kuwa bila kuijua hatutafahamu yanayofuata. Injini ya motokaa ina nguvu inapozunguka kwa haraka. Ikizunguka polepole ni dhaifu, na ikisimamishwa huzimika. Lakini magurudumu lazima yaanze polepole, kutoka hali ya kusimama. Basi kati ya injini na magurudumu limewekwa sanduku la chuma lenye magurudumu ya meno, ambalo ndilo sanduku la gia. Gia ya kwanza hupunguza mwendo ikaongeza nguvu, ili gari liondoke au lipande mlima. Gia za juu hufanya kinyume chake. Katika motokaa za namna moja dereva mwenyewe huchagua gia kwa mkono, na kila anapobadili hukanyaga klachi ili kuitenga injini na magurudumu kwa kitambo.

Namna ya pili ni ya gia zijibadilizo zenyewe. Karibu motokaa zote mpya ziuzwazo Marekani siku hizi ni za namna hii, na nyingi zishushwazo bandarini Mombasa na Dar es Salaam kutoka Japani ni za namna hii pia. Ukichungulia miguuni pa dereva utaona makanyagio mawili tu, la mafuta na la breki. La klachi halipo. Mkono wa gia una herufi pembeni yake: P ya kuegesha, R ya kurudi nyuma, N ya gia huru, na D ya kwenda mbele. Dereva huweka D, na gari lenyewe huamua lini litoke gia ya kwanza liingie ya pili, na ya tatu, na kuendelea.

Huamuaje, na mikono haina? Jibu ni kwamba mikono yake ni mafuta.

Tuyatazame mapangaboi mawili yaliyowekwa uso kwa uso juu ya meza. Ukiliwasha moja tu, upepo wake utaligonga la pili, nalo litaanza kuzunguka, ingawa hakuna kamba wala chuma kiliungacho na mwenziwe. Ndani ya motokaa mapanga mawili ya jinsi hiyo yamefungiwa katika chungu cha chuma kilichojaa mafuta badala ya hewa. La kwanza huzungushwa na injini, likayatupa mafuta kwa nguvu juu ya la pili. La pili likazunguka, likapeleka mwendo kwenye gia. Kati yao yako mapanga madogo ya tatu, ambayo huyageuza mafuta yanaporudi ili yasukume tena, na kwa hila hiyo nguvu huongezeka gari linapoondoka. Aliyebuni jambo hili ni Mjerumani, Hermann Föttinger, mwaka 1905, wala hakuwa akiwaza motokaa. Alikuwa akitafuta njia ya kupeleka nguvu za mashini kwenye rafadha za meli.

Nyuma ya chungu hicho ziko gia zenyewe. Zimepangwa kama jua na nyota zake: gurudumu moja la meno katikati, madogo kulizunguka, na pete yenye meno kuyazunguka yote. Likizuiwa gurudumu hili, gari huwa katika gia fulani. Likizuiwa lile, gia ni nyingine. Na kinachozuia ni mafungu ya mabamba membamba yenye umbo la pete, ya chuma na ya kitu kama karatasi ngumu, yaliyopangwa moja juu ya jingine. Mabamba yakiachwa huru huteleza. Yakibanwa hushikana yakawa kitu kimoja. Na kinachoyabana, tena, ni mafuta, yaliyosukumwa na pampu yakapitishwa katika vijia vyembamba vilivyochongwa ndani ya chuma, mfano wa mishipa ya mwili.

Kampuni ya General Motors ya Marekani ndiyo iliyotangulia kuuza kwa wingi motokaa zenye gia za kujibadili kabisa, katika gari la Oldsmobile la mwaka 1940. Zikaitwa Hydra-Matic, na katika Vita Kuu ya Pili ziliingizwa hata katika vifaru vyepesi vya jeshi. Siku zile uamuzi wote ulifanywa na mafuta yenyewe, yakisukuma vali na springi. Siku hizi kompyuta ndogo hupima mwendo, na joto, na mguu wa dereva, kisha huamuru. Lakini amri hiyo hutekelezwa na mafuta yale yale. Kompyuta ni kichwa tu, mikono haikubadilika.

Mafuta hayo, basi, yana kazi nyingi: kuchukua nguvu ya injini, kubana mabamba, kulainisha meno, na kuondoa joto. Mengi hutiwa rangi nyekundu, ili fundi akiona tone chini ya gari ajue limetoka wapi. Sanduku moja huchukua kama lita 8 hadi 12. Hukaa katika bakuli la chini, pampu ikayavuta kwenda juu kupitia chujio, yakazunguka, yakarudi bakulini. Yamepimwa na kutengenezwa kwa ajili ya kufanya kazi yakiwa ya moto, kama digrii 80 au 90, karibu na maji yanayotaka kuchemka. Na asubuhi ile ya Fairbanks ni digrii 42 chini ya sifuri.

Wataalamu wana kipimo cha mnato, yaani jinsi kitu cha majimaji kinavyokataa kutiririka. Maji ya kawaida katika kipimo hicho ni kama 1. Asali chumbani ni kama 10,000, na baridi ikizidi hupanda. Mafuta mekundu yakiwa na joto la digrii 100 ni kama 5 au 6, yaani karibu sawa na maji. Je, yakiwa digrii 40 chini ya sifuri? Katika miaka ya 1990 kanuni ya General Motors kwa mafuta yake ya Dexron III ilidai yasizidi 20,000. Angalia: hayo ndiyo mafuta yaliyosifiwa kwa kustahimili baridi, na bado yaliruhusiwa kuwa mazito mara mbili ya asali. Mafuta ya kizazi kilichotangulia yaliruhusiwa hata 50,000. Yale yaliyofuata, ya karne hii, yalitakiwa yasipite 15,000.

Ukitaka kuona jambo hili kwa macho, tia asali katika chupa mbili sawasawa. Moja iweke katika maji ya moto kidogo, nyingine katika maji yenye barafu, kama barafu yapatikana kwenu. Baada ya nusu saa ingiza mrija katika kila chupa, uvute. Katika ya kwanza asali itakujia kinywani. Katika ya pili mashavu yako yatabonyea, na ukizidi kuvuta utasikia mlio wa hewa ikiingia pembeni. Kumbuka mlio huo.

Tumfikirie muuguzi mmoja, akaaye nje kidogo ya mji, naye yampasa kufika hospitalini saa moja asubuhi. Jana jioni alifanya kama wafanyavyo wote wa huko: alivuta waya wenye plagi uliofungwa mbele ya gari, akauchomeka katika umeme wa nyumba. Waya huo huenda kwenye kitu cha kupasha injini joto usiku kucha. Aliyebuni namna moja ya mapema ya kitu hicho ni Andrew Freeman wa Grand Forks, katika jimbo la North Dakota, naye alipewa hati ya ubunifu mwaka 1949. Mgeni akifika Fairbanks wakati wa kiangazi hushangaa kuona waya zikining'inia puani mwa magari, na nguzo za umeme mbele ya maduka na maofisi, mahali pa kuegesha. Hudhani magari yote ni ya umeme.

Muuguzi yuaingia garini. Injini imelala penye joto, kwa hiyo yaamka mara moja na kunguruma vizuri. Na hapa ndipo hatari ilipo. Injini ina moto ndani yake, nayo hupata joto upesi. Sanduku la gia halina moto. Limening'inia chini ya gari, karibu na theluji, na kama halikuwekewa kipasha joto chake lenyewe, lingali katika baridi ya usiku. Dereva asikiaye injini nzuri hudhani gari zima liko tayari. Ni kama mtu aliyeota moto kifuani huku vidole vyake vimekufa ganzi. Anajiona mzima, lakini mpe sindano atunge uzi.

Aweka D. Haliendi. Ahesabu moja, mbili, tatu, gari halikusogea. Ndani ya sanduku pampu inavuta asali kwa mrija. Mafuta yapanda polepole kupitia chujio, yaingia katika vijia vyembamba, lakini mabamba hayajabanwa. Sasa muuguzi ana njia mbili.

Njia ya kwanza ni kukanyaga mafuta. Saa inakwenda, wagonjwa wanangoja, na jambo hilo lamjia mtu kwa urahisi mno. Injini yanguruma kwa nguvu, pampu yazunguka upesi, na badala ya mafuta yavuta hewa, kama ulivyosikia katika mrija wako. Mafuta yachanganyika na povu, na povu haliwezi kubana kitu. Mabamba yashikana nusu, yateleza, yasuguana kwa mwendo wa kasi, na uso wao wa karatasi waungua. Kisha ghafula mafuta yafika, mabamba yashikana kwa kishindo, gari laruka mbele juu ya barafu. Huenda lisiharibike siku hiyo. Lakini mabamba yaliyoungua hayaponi kama kidonda. Kila asubuhi ya namna hiyo yaondoa kidogo, mpaka siku moja D haishiki tena.

Na yako madhara mengine. Mipira izuiayo mafuta yasivuje hukakamaa kwa baridi na kusinyaa, nayo ikilazimishwa hupasuka au huachia matone. Tena kuna mabomba membamba yapelekayo mafuta mbele ya gari ili yapozwe, mahali penye upepo. Katika baridi kali mafuta yaliyomo humo huweza kuwa mazito hata kuziba njia, na mahali pengine palipongojea mafuta yanayorudi pakakaa pakavu. Kwa ajili hiyo magari mengi yametiwa vali ambayo huyafungia mafuta njia hiyo mpaka yapate joto.

Njia ya pili ni kungoja na kwenda taratibu. Aiache injini izunguke dakika chache ikiwa katika P. Lakini asidhani ya kuwa akingoja saa nzima sanduku la gia litapata moto kama injini. Katika P yale mapanga mawili huzunguka karibu pamoja, hayapingani, na joto lipatikanalo ni haba. Mafuta hupata joto hasa yanaposuguliwa, panga moja likienda upesi na la pili likiwa nyuma, na hivyo ndivyo inavyokuwa gari likianza kwenda. Hapa kuna jambo la kupendeza: uzito ule ule wa mafuta ulioleta taabu ndio uletao dawa, kwa kuwa kitu kizito kikikorogwa hutoa joto zaidi kuliko kitu chepesi. Basi huweka D, mguu juu ya breki, injini ikizunguka polepole, hungoja mpaka ahisi gari limeshika, kisha huliachilia liende kwa mwendo wa mtu atembeaye, na baadaye wa baiskeli.

Katika maili za kwanza ataona mambo ambayo dereva mgeni angeyaita ugonjwa. Gari lakaa katika gia ya pili muda mrefu, injini inalia, nalo halitaki kuingia ya tatu. Gia ya juu kabisa halipati hata kidogo. Kila gia inapobadilika kuna mshtuko. Pampu yatoa sauti kama ya mbu. Mengi ya mambo hayo si ugonjwa. Kompyuta imepima joto la mafuta, ikaona mikono yake ina ganzi, na kwa makusudi imekataza gia za juu. Maana katika gia za chini injini huzunguka zaidi, na mafuta hukorogwa zaidi, hupata joto upesi. Mtu alipelekaye gari lake kwa fundi kwa kosa hilo atalipa fedha za bure, kwa kuwa likiisha kuingia katika karakana yenye joto fundi hataona kosa lolote.

Ugonjwa wa kweli una dalili zake. Gari likiisha kwenda kilometa 20 na bado lachelewa kushika, hapo kuna neno. Matone mekundu juu ya theluji, au harufu ya kuungua, ni neno pia. Huenda mafuta yamepungua. Na upungufu mdogo, ambao wakati wa joto hauonekani, wakati wa baridi huifanya pampu ivute hewa. Lakini hata katika kupima yafaa kuwa na busara. Mafuta yakipata joto hupanuka. Mtu apimaye mafuta ya baridi kwa alama ya mafuta ya moto ataona yamepungua, ataongeza, na baadaye yakipanuka yatazidi, yatapigwa na gia mpaka yawe povu. Kwa hiyo vijiti vingi vya kupimia vina alama mbili, moja ya baridi na moja ya moto, na magari mengi ya siku hizi hayana kijiti kabisa, ili asiyejua asiguse.

Kosa jingine kubwa hutokea gari likinaswa na theluji. Dereva huweka D akakanyaga, huweka R akakanyaga, mbele na nyuma, akitaka kulitikisa litoke. Kwa upole, na gari likisimama kabla ya kila badiliko, laweza kufaa. Kwa hasira ni kinyume: magurudumu yazunguka mahali pamoja, mabamba yashikwa na kuachwa kwa kishindo, na mafuta yaliyokuwa yakiganda muda mfupi uliopita yaweza kupata moto kupita kiasi katika dakika chache. Koleo na mchanga hushinda.

Na betri ikifa? Gari la klachi watu huweza kulisukuma, dereva akaachilia klachi, injini ikawaka. Gari la gia za kujibadili halikubali. Pampu yake huzungushwa na injini; injini ikiwa imezimika hakuna mafuta yanayobana mabamba, na bila mabamba magurudumu hayawezi kuizungusha injini. Magari ya mwanzo, kama yale ya Hydra-Matic, yalikuwa na pampu ya pili upande wa nyuma, iliyozungushwa na magurudumu, nayo yaliweza kusukumwa. Katika miaka ya 1960 watengenezaji wengi waliiacha pampu hiyo. Watu wa nchi za baridi waliisikitikia, nami nadhani walikuwa na haki.

Mafuta yenyewe yana historia ambayo wengi hawaijui. Kwa miaka mingi ndani yake mlitiwa mafuta ya nyangumi, wa aina ile yenye kichwa kikubwa, kwa kuwa yaliyafanya mabamba yashikane kwa ulaini bila kukwaruza. Nyangumi walikuwa wakipungua baharini kwa kuwindwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marekani iliyakataza mafuta hayo. Wataalamu wakalazimika kutengeneza kingine mahali pake. Siku hizi mafuta mengi yaliyo bora hutengenezwa kwa namna ambayo nta isigande ndani yake baridi ikizidi, na katika Alaska mtu mwenye busara hubadili mafuta ya zamani kabla ya majira ya baridi, akatia yale tu yaliyoandikwa katika kitabu cha gari lake. Wengi hubandika pia chini ya bakuli la mafuta kitambaa cha mpira chenye waya za umeme ndani, ambacho huchomekwa usiku pamoja na waya wa injini. Hapo asubuhi D hushika karibu kama wakati wa kiangazi.

Muuguzi wetu hana kitambaa hicho bado. Ameenda kilometa moja kwa mwendo wa baiskeli, na gari linaruka-ruka chini yake, pu, pu, pu, kwa kuwa mipira ya magurudumu imeganda usiku, na upande uliokuwa juu ya ardhi umebaki bapa. Hilo nalo litakwisha likipata joto. Kwenye kilometa ya tatu gia ya tatu yaingia, kwa mshtuko mdogo. Kwenye ya nane yaingia ya nne, naye haisikii. Taa za hospitali zaonekana katika ukungu wa barafu. Amechelewa dakika kumi na mbili. Aegesha mbele ya nguzo ya umeme, aweka P, ashuka, na kabla ya kukimbilia mlangoni ainama mbele ya gari, auvuta waya, auchomeka.